Kifaru Aliyezima Moto wa Majirani

Sogeeni karibu!
— Tumesogea!
Magoti yagusane!
— Yamegusana!
Nina hadithi kifuani. Niitoe au niimeze?
— Itoe, itoe!
Na ikiuma?
— Tutagawana!

Basi nisikilizeni. Sauti yangu si kubwa, kwa hiyo aliye na karanga mdomoni atafune polepole.

Hapo kale, wanyama walipokuwa wakipika vyungu kama sisi, palikuwa na bonde lenye nyumba sita. Palikuwa na nyumba ya Kifaru, nyumba ya Ngiri, nyumba ya Bi Kanga, nyumba ya Nungunungu, nyumba ya Mama Digidigi, na shimo la Nguchiro. Nguchiro alikuwa mdogo kuliko wote, na alikuwa mwizi wa mayai. Hilo nalisema mapema msije mkampenda mno.

Siku hizo hapakuwa na kibiriti. Moto uliishi kwa kuombana. Ukizimikiwa, ulichukua kigae chako, kipande cha chungu kilichovunjika, ukaenda kwa jirani. Ukapiga hodi. Hukupewa kaa la moto papo hapo. Kwanza uliketishwa. Ukapewa tonge, au funda la uji. Ukaulizwa habari za kwako. Ukishajibu, ndipo ulipotiliwa kaa kwenye kigae, ukaondoka ukilipuliza, fuu, fuu, fuu, mpaka nyumbani.

Kwa njia hiyo kila mtu alijua habari za mwenzake. Walijua nani anaumwa. Walijua nani hana unga. Mwanamke akijifungua, habari ilifika nyumba zote kabla mtoto hajafumbua macho, na kwa siku arobaini mzazi hakushika mchi wala hakuinama kupuliza moto. Uji ulimfuata kitandani.

Na milango ilikuwa mifupi, imefunikwa kwa mkeka tu. Hata Kifaru, na pembe zake zile, alipiga magoti akiingia kwa Nguchiro kuomba kaa. Hakuna aliyeona ajabu. Lakini Kifaru mwenyewe alianza kuona aibu.

“Mimi,” alijiambia, “mimi mwenye miguu minne kama nguzo, nimpigie magoti mwizi wa mayai?”

Akawaza. Akawaza tena. Masika yalipokaribia, akaenda kwa Ngiri.

“Ngiri, ndugu yangu, makaa yako yanakwenda wapi?”

“Kwa majirani, Mzee.”

“Kila siku?”

“Kila siku.”

“Na kuni wanakuletea?”

 Ngiri hakuwahi kulifikiria jambo hilo.

“Ungekuwa na mlango,” alisema Kifaru, “mlango wa mti, wenye komeo, ungepumzika.”

Akaenda kwa Bi Kanga, akasema vilevile. Akaenda kwa Nungunungu, akasema vilevile. Akaenda kwa Mama Digidigi, akasema vilevile. Kisha akaangusha miti kwa pembe yake, akawatengenezea wote milango mizuri yenye makomeo, bure. Wakamshukuru sana. Nguchiro peke yake alikataa. Alisema shimo lake halina pa kutundika mlango.

Masika yakaanza. Nungunungu alikwenda mtoni kuteka maji. Kifaru akapita nyuma ya nyumba, akasukuma mlango, akaona moto jikoni. Akaukanyaga. Puu! Puu! Puu! Moto ukalia chwii, ukafa.

Nungunungu aliporudi alidhani ni mvua. Akachukua kigae, akaenda kwa Ngiri.

“Hodi!”

Kimya. Ngiri alikuwa akichungulia kwenye ufa wa mlango, akasema moyoni, si nyumba yangu iliyozimikiwa.

Akaenda kwa Bi Kanga. “Hodi!” Kimya. Akaenda kwa Mama Digidigi. “Hodi!” Kimya. Akaenda kwa Nguchiro, lakini shimo lilikuwa limejaa maji ya mvua, naye Nguchiro anatetemeka juu ya jiwe, hana hata jivu. Mwisho akaenda kwa Kifaru.

“Karibu,” alisema Kifaru. “Kaa la moto nitakupa. Lakini kwanza utanilimia shamba, tangu jua linapochomoza hadi liwe utosini.”

Nungunungu akalima, akapewa kaa moja dogo.

Siku ya pili, Ngiri alikwenda kuchimba mizizi. Puu! Puu! Puu! Chwii. Ngiri akachukua kigae. “Hodi!” Kimya. “Hodi!” Kimya. “Hodi!” Kimya. Akaenda kulima kwa Kifaru.

Siku ya tatu, Bi Kanga. Puu! Puu! Puu! Chwii.

Siku ya nne, Mama Digidigi, na tumbo lake la miezi ya mwisho. Puu! Puu! Puu! Chwii. Alipiga hodi nyumba zote. Nyumba zote zilikaa kimya, maana waliokwisha kuzimikiwa waliogopa kugawa kakaa kao kadogo, na Kifaru alikuwa amesema, “Atakayempa mwenzake, kwangu asije tena.”

Kwa hiyo moto wa bonde zima ukawa mmoja, nao ulikuwa uani kwa Kifaru, ndani ya boma la miiba. Makaa aliyoyatoa mchana yalikufa jioni. Kesho yake watu walirudi kulima. Hawakuzungumza shambani. Kila mmoja alikuwa na haraka ya kumaliza mstari wake kabla kaa kubwa halijachukuliwa na mwingine.

Wiki mbili zikapita. Mama Digidigi akajifungua.

Hakuna aliyejua. Nani angejua? Hakukuwa na mtu aliyeingia, wala aliyetoka. Alijifungua peke yake, kwenye majani yaliyoloa, akakata kitovu mwenyewe. Hakuweza kwenda kulima, kwa hiyo hakupata kaa. Hakupata kaa, kwa hiyo hakupika uji. Hakunywa uji, kwa hiyo maziwa hayakushuka. Mtoto alilia siku ya kwanza kwa nguvu. Siku ya pili alilia kwa sauti ya chini. Siku ya tatu, asubuhi, Nguchiro alipita karibu na nyumba ile akitafuta viota, akasikia kitu kama mlio wa panzi. Akasimama. Mlio ukakatika.

Nguchiro alikuwa mwizi, lakini alikuwa amezaa, na watoto wake wawili walikuwa wamekufa kwa baridi zamani. Alijua kuwa mtoto anayelia hatishi. Wa kutisha ni yule anayenyamaza.

Akapenya chini ya mlango.

“Mama Digidigi, una nini?”

“Nina mtoto,” alisema Mama Digidigi. “Lakini sijui kama nitakuwa naye mpaka kesho.”

Nguchiro akamgusa mtoto. Alikuwa baridi kama samaki. Akatoka mbio. Akapiga hodi kwa Ngiri. Kimya. Hakungoja. Akapenya chini ya mlango. Akapenya kwa Nungunungu. Akapenya kwa Bi Kanga, na huko nusura atobolewe macho.

“Mwizi! Umefuata mayai yangu mpaka ndani!”

“Leo sikuja kwa mayai, shoga.”

“Shoga yako nani? Mayai yangu ya mwezi wa nane yako wapi?”

“Niliyala. Yalikuwa matamu. Sasa nisikilize. Mama Digidigi amezaa, na mtoto anakufa.”

Bi Kanga akashusha mbawa. “Amezaa? Lini?”

“Juzi.”

“Mbona hatukuambiwa?”

“Angekuambia kupitia wapi, Bi Kanga? Kupitia komeo?”

Wakakusanyika uwanjani, katikati ya nyumba, mahali ambapo majani yalikuwa yameota kwa kutokanyagwa. Hawakutazamana. Ngiri alitazama kwato zake.

“Twende tukamwombe Mzee,” alisema Nungunungu.

“Nilimsikia akiombwa na Mama Digidigi mwenyewe alipokuwa na mimba,” alisema Nguchiro. “Alimwambia, asiyelima hapati. Hapana. Moto tutauchukua. Ila kwanza lazima yeye atoke, na atoke kwa hasira, aache lango wazi.”

“Atoke kwa sababu gani? Ana kila kitu,” alisema Ngiri.

“Ana kila kitu kwa sababu sisi hatuna,” alisema Nguchiro. “Akisikia tunacho, hatakaa.”

Pembeni mwa uwanja palikuwa na shimo ambamo wanawake walichimba udongo wa kufinyangia vyungu. Masika yalikuwa yamelijaza tope zito. Nguchiro akawaambia walifunike kwa nyasi, na juu ya nyasi wamwage maua mekundu, mengi, rundo zima. Akalowesha pua, akaipima hewa. Upepo ulitoka kwa Kifaru kuja kwao. Vizuri. Kifaru haoni mbali, lakini pua yake ni kali. Kwa upepo ule asingejua kuwa hapakuwa na moshi.

Kisha Nguchiro akaenda kwenye boma.

“Shikamoo, Mzee.”

“Marahaba. Umekuja kulima? Umechelewa.”

“Hapana, Mzee. Nimekuja kukuaga. Makaa yako yametusaidia sana, lakini hatutakusumbua tena.”

Kifaru akainua kichwa. “Hamtanisumbua kwa nini?”

“Ah, ni mambo ya uwanjani tu. Tena wamesema nisikuambie.”

“Wamesema nini?”

“Kwamba nisikuambie.”

Nguchiro akainama kwa heshima, akaondoka. Alipokata kona akarudi kwa kunyata, akajibanza kando ya lango.

Kule uwanjani, Bi Kanga akashika mchi. Tu! Tu! Tu! Kinu kilikuwa kitupu. Nungunungu akatikisa miiba yake, chaaa, chaaa, kama mafuta yanayokaangwa. Ngiri alipaswa kupaza sauti, lakini aliona haya.

“Sema,” alinong’ona Bi Kanga.

“Niseme nini? Hakuna chakula.”

“Sema hivyohivyo! Mtoto anakufa!”

Ngiri akakohoa. “Jamani,” alisema kwa sauti nyembamba, “moto huu unawaka vizuri.”

“Nani atasikia hiyo? Paza!”

“MOTO HUU UNAWAKA VIZURI! ONGEZENI KUNI! NA MIMI NIPUNGUZIENI PILIPILI, MENO YANANIUMA!”

“Meno yako,” alisema Bi Kanga, “yalishaukimbia mdomo zamani. Pilipili itayapatia wapi?”

Nungunungu akaanza kucheka. Alijizuia, akashindwa. Miiba yake ikalia chaaa bila kutikiswa. Ngiri naye akacheka, hro, hro, hro, na Bi Kanga, ke-ke-ke-ke, mpaka mchi ukamponyoka. Mwanzo walikuwa wakicheka uongo, kwa ajili ya Kifaru. Sijui ni saa ngapi uongo ule uliisha. Nungunungu alifuta macho, akasema, “Tangu tupate milango sijacheka,” na wote wakanyamaza ghafla, kama watu waliokumbushwa msiba.

“Msinyamaze,” alisema Bi Kanga taratibu. Akaokota mchi. Tu! Tu! Tu!

Kifaru alisikia kutwanga. Akasikia kukaanga. Akasikia kuni zikiitwa. Akasikia kicheko, na kicheko ndicho kilichomuuma kuliko vyote.

“Wana moto!” alinguruma. “Nani kawapa moto?”

Akapiga lango kwa bega, kwaa! Lango likaanguka, naye akatoka mbio, ardhi ikitetemeka, ndi, ndi, ndi, ndi. Akafika uwanjani. Macho yake mabovu yakaona kitu chekundu kimetandazwa chini. Hakuuliza. Akarukia katikati.

Puu! Mguu ukazama.

Puu! Mguu wa pili ukazama.

“Zimika!” alifoka Kifaru. “Zimika!” Puu! Puu! Puu! Kila alivyokanyaga kwa nguvu, ndivyo alivyozama. Tope likafika magotini. Likafika tumboni. Akasimama, akihema, ua jekundu limemkaa juu ya pembe.

“Mbona hauchomi?” aliuliza.

 Nguchiro alikuwa ameshaingia bomani. Alijaza kigae makaa hadi yakamchoma vidole, akaenda nayo mbio, fuu, fuu, fuu, mpaka kwa Mama Digidigi. Bi Kanga akaleta unga wa mtama. Nungunungu akaleta kuni kavu alizokuwa ameficha chini ya kitanda. Ngiri akang’oa mlango wa nyumba ile kwa meno, akaupasua, akautia motoni.

“Mlango wangu!” alisema Mama Digidigi.

“Ni mkavu,” alisema Ngiri. “Unafaa.”

Uji ukachemka. Mama Digidigi akanywa bakuli la kwanza huku akilia, la pili kimya, la tatu akaomba chumvi. Bi Kanga alimchukua mtoto, akamfunika kwa mbawa zote mbili karibu na jiko. Walikaa wakimtazama.  Uso wa mtoto ulikuwa wa rangi ya majivu. Mvua ikaanza tena, ikanyesha kwa upande, ikapungua. Jua lilikuwa limeshavuka utosi mtoto alipokunja mguu. Kisha akafungua mdomo, akalia, kwa sauti kubwa, kwa hasira, kama mtu aliyetukanwa.

Walitoka nje wote watatu, Ngiri, Nungunungu na Nguchiro, maana mtu akitaka kulia vizuri hutoka nje.

Huko nje wakamsikia Kifaru.

“Jirani!” aliita. Hakuwa amelitumia neno hilo kwa muda mrefu, na lilitoka limepinda. “Jirani! Nasikia baridi!”

“Aache asikie,” alisema Nungunungu.

“Mwacheni humohumo,” alisema Bi Kanga kutoka ndani. “Tutamfinyanga, tupate vyungu hamsini.”

 Nguchiro alijua kumwingiza mtu shimoni. Kumtoa hakukufikiria.

Mama Digidigi akaja mlangoni akijishika ukutani, mahali palipokuwa na mlango.

“Mimi nilipiga hodi nyumba zenu zote,” alisema. “Nami kabla ya hapo, Nungunungu, ulipopiga hodi kwangu, nilikuwa ndani. Nilikusikia. Nilishika pumzi mpaka ukaondoka.” Akapumzika kidogo. “Najua kile kimya kikoje nje, na najua kikoje ndani. Sitaki kukisikia tena. Mtoeni.”

Wakakata kamba za miti porini. Wakamfunga Kifaru kifuani. Wakavuta.

“Haya!”
— Eeh!
“Mzito!”
— Eeh!
“Alikula peke yake!”
— Eeh!

Pwaaa! Kifaru akatoka, mwekundu wa tope tangu shingo hadi mkia. Akasimama mbele yao, nao wote kwa pamoja walikuwa hawafiki bega lake. Alitazama chini. Kama alikuwa na neno la kusema, lilikuwa kubwa kuliko mdomo wake. Akageuka, akaenda zake.

Bomani alikuta mvua imeuzima moto wake, maana hapakuwa na wa kuufunika. Palibaki jivu, na kijito cha maji kikipita katikati.

“Atakuja kuomba,” alisema Mama Digidigi. “Akija, mketisheni kwanza.” Wakamwekea uji siku ile, na siku ya pili, na siku ya tatu. Siku ya nne Nguchiro alikwenda kumchungulia, akakuta boma tupu. Nyayo zilielekea nyikani. Kutoka bomani hadi nyumba ya kwanza ya jirani palikuwa na hatua ishirini. Yeye alichagua kutembea nyika nzima.

Wanasema mpaka leo anakula majani mabichi, peke yake, na akisikia kicheko hukimbia kuelekea huko kwa hasira, halafu akifika hajui alifuata nini.

Sasa mnangoja funzo. Funzo ni hili: muwe kama Kifaru. Wekeni milango, tena ya chuma, na juu ya ukuta pandeni vipande vya chupa. Usimwombe jirani chumvi, atajua huna. Usimpe, atazoea. Akizaa, utaona nguo za mtoto kwenye kamba, inatosha. Akifa, utaona turubai. Wazee wetu walisumbuana sana, kila saa hodi, kila saa karibu, hawakuwa na faragha hata ya kuugua. Sisi tumestaarabika. Tunaishi ukuta kwa ukuta na hatujui majina, na kila mmoja ana moto wake.

Hadithi yangu naiweka chini hapo. Mwenye mikono ainyanyue.
— Tumeinyanyua!
Ni nzito?
— Tumeshika wengi!

Haya, nendeni mkalale. Mkisikia mtoto wangu analia msijisumbue, nitamudu mwenyewe. Ila nawaambia tu, komeo langu limelegea tangu juzi. Ukisukuma kidogo, linafunguka.